Picha Iliyowashtua Wakwe Zangu

Nilipoacha kazi ya uwakala wa forodha pale mpakani Sirari nilidhani sasa nitalala. Miaka yote ya kazi niliishi kwa kuamshwa na simu za madereva waliokwama Isebania, upande wa Kenya: huyu karatasi zake hazijagongwa muhuri, yule kashikwa kwenye mizani, mwingine kagombana na utingo wake njiani na anataka mimi niwapatanishe kwa simu. Nilijiahidi kwamba siku nitakayorudisha funguo za ofisi nitakwenda nyumbani kwangu Tarime, nizime simu, nilale kama mtoto mchanga. Nikarudisha funguo. Nikazima simu. Nikalala chali, macho kwenye dari, na usingizi haukuja, si siku hiyo wala wiki zilizofuata.

Mchana nao haukuwa na nafuu kwa watu wa nyumbani. Mtu aliyezoea kukagua mizigo hawezi kuacha kukagua kwa sababu tu amestaafu. Nilianza kuuliza sukari imeingia lini na imetoka kwenda wapi. Niliuliza kwa nini jirani anaondoka na kitunguu bila maelezo. Mke wangu alivumilia, kisha asubuhi moja akaniwekea shati safi kitandani na kusema, "Baba watoto, nenda hospitali. Kama hawana dawa ya usingizi, waulize kama wana dawa ya mdomo."

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa kitinda mimba wangu. Aliniamkia shikamoo, akanipima presha, akaangalia namba zile kama mtu aliyeona deni la mwenzake. Akaniuliza nina mawazo gani. Nikamwambia ya kawaida: bei ya mahindi, goti, na mbuzi wa jirani wanaokula mihogo yangu.

"Mzee, una msongo wa mawazo," akasema.

Nilimwambia huo ni ugonjwa wa watu wa mjini. Akasema Tarime ni mji. Hapo alinishinda, maana mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kwenye kila mkutano wa mtaa kulalamika kwamba Tarime ni mji lakini hatuna taa za barabarani.

Akaniandikia vidonge vya presha, halafu akaniambia niende makumbusho. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza kama hospitali imeishiwa hadi wagonjwa wanapelekwa makumbusho.

"Ni mpango mpya, mzee wangu. Mnajifunza historia, halafu mnachora."

"Tunachora nini?"

"Mnachojisikia."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Alicheka hadi akakaa kwenye kigoda cha jikoni. Alipopata pumzi akasema niende, kwamba ni heri nikachore kuliko kuhesabu vikombe vyake.

Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maduka ya Bomani. Nilipita mbele yake maisha yangu yote nikidhani ni ghala la mtu. Ndani mlikuwa na ngao za ngozi, mikuki, vigoda, shanga, ritungu moja, zeze la Kikurya, lililokatika nyuzi, na vibuyu vya maziwa vilivyopangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini. Mwenye kusimamia vitu hivyo alikuwa mwalimu mstaafu wa historia. Alikuwa amefundisha kwa miaka mingi sana, na kustaafu kulimnyima wanafunzi bila kumnyima somo. Alipotuona tumeingia watu sita, uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeletewa wageni wa harusi.

Tulikuwa wagonjwa wa kila namna. Kulikuwa na mama mmoja mjane, muuza dagaa wa sokoni, ambaye presha yake ilikuwa juu kuliko yangu na sauti yake vilevile. Kulikuwa na mgambo mstaafu asiyesema neno. Wengine watatu walikuwa kina mama wa kwaya, ambao hadi leo sijui walikuwa wanaumwa nini. Nadhani mmoja aliumwa na wawili wakamsindikiza.

Upande wa pili wa mpango ule alikuwa mtaalamu wa tiba ya sanaa, dada mwenye nywele fupi na sauti ya chini sana, aliyetokea Arusha. Alikuwa na tabia ya kuweka mkono kifuani kila mtu alipomaliza kusema, na kujibu, "Asante kwa kutuletea hilo." Mjane alipomwambia kwamba choo kiko mbali, alisema, "Asante kwa kutuletea hilo."

Shida ya mpango ule ilionekana siku ya kwanza kabla hata chai haijamiminwa. Mwalimu alikuwa na kanuni moja ya makumbusho, ameiandika kwa rangi nyekundu ukutani: USIGUSE. Mtaalamu naye alikuwa na kanuni moja ya tiba: gusa.

"Kila mmoja achague kitu kimoja kinachomwita," alisema mtaalamu. "Kishike. Sikiliza mikono yako inakuambia nini."

"Mikono yao inawaambia wasishike," alisema mwalimu. "Vitu hivi ni vya urithi. Mafuta ya mikono yanaviharibu."

"Mwalimu, uponyaji unapita kwenye ngozi."

"Dada yangu, na kuvu pia hupita humo humo."

Walibishana kwa adabu kubwa, wakiitana mwalimu na dada, sisi tukiwa tumesimama kama mizigo isiyo na nyaraka. Mwisho wakapata mwafaka: tutagusa, lakini tuvae glovu. Glovu zilitoka hospitali, zile nyeupe za kubana zenye unga ndani. Basi fikiria watu wazima sita, wenye wajukuu, tumevaa glovu kama tunaotaka kuzalisha ng'ombe, tunapapasa vigoda tukisubiri vituambie kitu.

Mimi nilichagua kibuyu cha maziwa. Sitaki nijifanye kwamba kiliniita. Kilikuwa karibu na kiti, na goti lilikuwa linauma.

Kisha tukaulizwa mmoja mmoja kitu tulichokishika kinatukumbusha nani. Mjane alisema kigoda kinamkumbusha mama yake. Mtaalamu akaweka mkono kifuani, akashukuru, mjane akakaa. Mama wa kwaya wa kwanza akasema shanga zinamkumbusha mama. Akashukuriwa, akakaa. Mgambo, aliyeshika mkuki, alisema haumkumbushi mtu yeyote. Huyo hakuachiwa. Aliulizwa kama hana mtu au hataki kuwa na mtu, na kimya chake kina rangi gani. Alisimamishwa pale hadi jasho likamtoka.

Mimi nimekaa mpakani miaka mingi. Najua kwamba kila ofisi ina jibu linalopita haraka. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mama."

"Unamfikiria usiku, mzee?"

"Usiku silali."

Alifumba macho, akatikisa kichwa polepole, akashukuru. Nikakaa. Niliona nimevuka salama.

Baada ya hapo tulipewa karatasi, rangi na brashi. Mwanaume wa Kikurya wa umri wangu hushika brashi kupaka rangi ukuta tu, na hata hapo huita fundi. Niliinama ili watu waliopita dirishani wasinione. Kibuyu changu kilitoka kimeegemea upande mmoja, tumbo nje, shingo fupi, na mshipi wa ngozi uliofanana na utumbo.

Mjane aliinama juu ya bega langu. "Mzee, hiyo ni figo?"

"Ni kibuyu."

"Basi kimejaa maji. Kipeleke hospitali."

Lakini nitasema kweli hapa, jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Nilipokuwa nahangaika na shingo ya kile kibuyu, sikufikiria mahindi, wala mbuzi, wala Sirari. Nilipoinua kichwa chai ilikuwa imepoa. Siku hiyo nilisinzia kwenye kochi kabla ya chakula cha mchana, na mke wangu alipita akinyata. Wiki iliyofuata nilirudi, na iliyofuata tena. Nyumbani nilisema naenda kumsindikiza mwalimu tu, kwa sababu hana watu.

Miezi ikapita hivyo. Mwalimu alitufundisha ngao ilivyotengenezwa. Mtaalamu alituuliza ngao zetu za ndani ni zipi. Mwalimu akasema hakuna ngao za ndani, ngao zote zilibebwa nje. Tukazoea. Halafu tukatangaziwa kwamba mpango una kundi jingine wilaya ya Serengeti, na kwamba picha za makundi yote mawili zitaonyeshwa kwenye ukumbi mmoja kule Mugumu, mbele ya mgeni rasmi. Sikwenda, kwa sababu ya goti. Picha yangu ilikwenda.

Mjane alikwenda, na alirudi amekula pilau na ana habari za kutosha wiki nzima. Alisema wale wa Serengeti wote walichora bwawa la Manchira. Kila mmoja, bila kukosa. Mtaalamu alimweleza mgeni rasmi kwamba maji ni machozi ya jamii ambayo hayajapata njia. Mama mmoja wa Mugumu aliyekuwa amesimama karibu akasema hapana, mafunzo yao yalifanyikia Manchira, na bwawa ndilo lililokuwa mbele ya macho.

"Na yangu?" nikauliza, kama mtu asiyejali.

"Mbele ya yako walisimama watu wengi," alisema mjane, kisha akatazama pembeni, jambo ambalo si tabia yake. "Waliiwekea maandishi mazuri."

Maandishi hayo niliyapata kwa njia ya simu. Binti yangu ameolewa Mugumu, kwa Waikoma, watu wapole wenye heshima zao. Baba mkwe wake aliamua kwenda kuona picha kwa sababu alisikia watu wa Tarime wapo. Jioni alinipigia, na sauti yake ilikuwa ile ambayo watu huitumia wakiwa wamevua kofia.

"Mkwe, pole sana kwa msiba."

"Msiba upi, mkwe?"

"Wa mama."

"Mama alifariki zamani sana. Nilikuwa mtoto mdogo."

"Ndiyo maana tumeshtuka kwamba bado unalia."

Akanisomea alichokuwa amekipiga picha kwa simu. Chini ya kibuyu changu paliandikwa kwa herufi kubwa: KIU YA MTOTO. Halafu kwa herufi ndogo: kazi ya mzee wa Tarime ambaye usiku halali, anamlilia mama yake aliyemwachisha ziwa mapema.

Nilimwambia mkwe kwamba ni makosa ya uandishi. Akasema anaelewa, hata kwao wapo watu wa namna hiyo, na kwamba wanaomba kwa ajili yangu kanisani. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, alimpigia pia kaka yangu mkubwa kule kijijini, ili asije akaonekana ameficha.

Kaka alifika siku ya pili yake asubuhi kwa bodaboda, amepakiwa nyuma pamoja na kaka yangu wa pili, watu wazito wote wawili, dereva amekaa juu ya tangi. Waliingia sebuleni bila kuvua makoti. Kaka mkubwa alikaa, akaweka fimbo kati ya magoti.

"Mura," alisema, akiniita kijana kama zamani, "nimepokea pole ya msiba wa mama mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa kijana. Nieleze hii ya pili."

Nikaanza kueleza hospitali, presha, makumbusho. Walisikiliza hadi nilipofika kwenye glovu, hapo kaka wa pili akainua mkono.

"Ngoja. Unataka shamba la mama? Lile la mtoni? Sema tu. Usipitie kwa Waikoma."

"Sitaki shamba."

"Basi ni mke," alisema kaka mkubwa. "Mwanaume akimlilia mama yake, nyumbani kwake hapaliki."

Mke wangu alikuwa anaingia na chai. Aliweka birika mezani taratibu. "Shemeji, anakula kuliko nyinyi wote. Mimi nilidhani anaililia Sirari."

Nikaona njia pekee ni kusema kama ilivyokuwa. Nikawaambia kwamba nilisema mama kwa sababu kila aliyesema mama aliruhusiwa kukaa. Nilidhani watacheka. Kaka mkubwa alinitazama kama afisa aliyefungua kontena akakuta siyo kilichoandikwa.

"Kwa hiyo humlilii. Ulimtumia mama ili upate kiti."

Hapo nilibanwa. Nikisema ninamlilia, mimi ni mtoto. Nikisema simlilii, mimi ni mhuni. Nikabaki nachezea kikombe. Kilichonitoka sikukipanga.

"Mimi simkumbuki," nilisema. "Hata sura. Nyinyi mnamkumbuka. Mimi sina kitu cha kulilia."

Sijui tuliishije miaka yote hiyo, tunakutana kwenye harusi na misiba, tunagombania mipaka ya mashamba, bila yeyote kati yetu kumtaja. Baba hakupenda atajwe, na baba alipokufa sisi tukaendelea tu.

Kaka mkubwa akakohoa. "Alikuwa mrefu. Na alikuwa akiimba akikamua."

"Hakuwa anaimba," alisema kaka wa pili. "Aliyekuwa anaimba ni shangazi. Mama hakuwa na sauti kabisa."

"Wewe ulikuwa mdogo."

"Nilikuwa nashika kamba ya ndama. Ningemsikia. Na hakuwa mrefu. Alikuwa wa kawaida."

"Alikuwa mrefu kuliko baba."

"Kila mtu alikuwa mrefu kuliko baba."

Basi wakaanza. Waligombana juu ya urefu wake, wakagombana juu ya rangi ya kitambaa chake, wakagombana kama alikuwa akiosha vibuyu kwa mkojo wa ng'ombe kama wanawake wengine au alikuwa na mti wake wa kuchoma mkaa wa kuvisugulia. Kaka mkubwa alisimulia jinsi mama alivyomkimbiza mwizi wa ng'ombe usiku na mchi wa kinu hadi ng'ambo ya mto.

"Hakuwa mwizi," alisema kaka wa pili. "Alikuwa baba, amerudi amelewa."

Kaka mkubwa alifungua mdomo kukataa, akaufunga. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, na alipomaliza alikuwa anajifuta macho kwa kiganja.

"Jiko lenu lina moshi," alisema.

Tunapikia gesi. Mke wangu alinitazama, akaenda jikoni kuinjika ugali.

Walikaa hadi jua likaanza kushuka. Kwa muda wote huo nilikuwa na mama wawili: mmoja mrefu na mwimbaji, mwingine wa kawaida asiye na sauti. Niliwachukua wote. Kabla hawajaondoka, kaka mkubwa alitangaza kwamba jambo hili limefika kwa wakwe na haliwezi kuachwa hivi hivi. Jumamosi tutachinja mbuzi nyumbani kijijini, wakwe waitwe, waone kwamba ukoo una akili zake.

Wakwe walikuja na mchele na nyuso za msiba. Kaka mkubwa aliwaeleza kwamba hapakuwa na maombolezo, ila wazee walikuwa wanarekebisha kumbukumbu. Walipewa kichuri, ule mchuzi wa matumbo uliotiwa nyongo, na baba mkwe alikunywa bakuli zima huku machozi yakimtoka kwa uchungu wake, akisema ni kitamu. Majirani waliompita walidhani yeye ndiye aliyefiwa.

Baada ya chakula nililala kwenye majani nyuma ya nyumba ya zamani ya baba, nikisema ninyooshe goti kidogo. Niliamshwa watu wanaaga. Mke wangu aliniambia nilikoroma hadi watoto wakaja kutazama.

Mtaalamu alifurahi sana niliporudi Bomani nikamwambia ninalala. Akaomba anirekodi kwa simu, ili wafadhili waone. "Tueleze, mzee, jinsi sanaa na urithi vilivyokuponya."

Nikamweleza yote, bila kuruka. Kiti. Jibu linalopita haraka. Maandishi, ambayo nilimwambia kwa heshima kwamba hayakuwa yangu, wala sijui niliachishwa ziwa lini. Simu ya mkwe, ugomvi wa kaka zangu, mchi, mbuzi. Alisikiliza mkono ukiwa kifuani muda wote. Kuhusu maandishi aliona haya, nikamwona, akasema alidhani ameyasikia kutoka kwangu. Aliniomba radhi kwa maneno ya kawaida, na nilimpenda zaidi siku hiyo.

Video ilipotoka, niliiona kwenye simu ya mjane. Nimekaa mbele ya vibuyu. Ninasema, "Nilichora kibuyu." Picha inaruka kidogo. Ninasema, "Sasa nalala." Kila kilichokuwa katikati kimeondolewa, pamoja na mwalimu, ambaye alikuwa ameongea kwa muda mrefu kuhusu ngao. Mwalimu alikasirika. Mimi sikuweza. Mzigo uliingia upande mmoja ukatoka upande wa pili, na sentensi zote mbili zilikuwa za kweli.

Kundi la pili la Tarime lilipotangazwa, kaka mkubwa aliniuliza kwenye simu kama ni lazima mtu awe mgonjwa. Nikamwambia lazima atumwe na daktari. Basi akaenda hospitali akalalamika kwamba hapati usingizi, yeye ambaye husinzia kanisani kabla padri hajamaliza ishara ya msalaba. Sijui walimpimaje. Alikuja Bomani na karatasi yake mkononi, akavaa glovu bila kubisha, akamwambia mtaalamu kwamba hahitaji kuchagua kitu kwa sababu anajua anachotaka kuchora.

Alichora ng'ombe. Alianza na sikio, kwa sababu sikio ndilo lenye alama ya ukoo wetu, na sikio hilo lilimchukua kipindi kizima. Mwalimu alipokuja kufunga milango, ng'ombe hakuwa bado na miguu. Kaka akasema atamalizia wiki ijayo, na karatasi ibaki pale pale juu ya meza, asiiguse mtu, na mtu asiandike chini yake neno lolote.